Mtu wa Ndani ya Birika

"Samahani baba, ni wewe uliyemo ndani ya birika?"

Mpiga picha hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, jicho moja amelifumba, anasogeza kijiko kisichozidi ukucha wa kidole gumba karibu na bakuli la matunda. Bakuli lenyewe lingetosha kunyweshea kifaranga. Ila likikaa karibu na kijiko kile, mbele ya kipande kile cha ubao, lingeonekana bakuli la kulisha watu sita.

"Pasipoti ni dakika tano," alisema. "Kaa kwenye stuli, tazama mbele, usicheke."

"Sikuja kupigwa picha."

"Basi umepotea mlango. Fotokopi ni duka la tatu."

"Sijapotea. Nimekutafuta siku tatu. Hebu geuka." Akageuka. Yule mama akamtazama kutoka utosini hadi kwenye ndara, akashusha pumzi. "Ndiye. Hata shati ni lile lile."

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, viatu vya chini, aproni ya kazini imekunjwa vizuri kwapani. Mikononi alishika mfuko wa plastiki kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshikie kidogo. Aliuweka mfuko sakafuni, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akaipangusa kwa ncha ya aproni, akamwonyesha.

Mpiga picha aliijua ile picha. Ilikuwa kazi yake ya miezi miwili nyuma, na haikuwa mbaya: birika la chuma linang'aa, limesimama juu ya ubao, vikombe vinane vimelizunguka kama vifaranga na mama yao. Chini yake lile duka la mtandaoni lenye nembo ya kikapu cha njano lilikuwa limeandika: *Birika Kubwa la Familia na Ofisi. Leo Tu!* Hiyo "leo tu" ilikuwa na umri wa miezi miwili.

"Sasa angalia hapa," mama akasema. Akaweka vidole viwili juu ya tumbo la birika, akavitanua. Picha ikakua. Akavitanua tena.

Ndani ya tumbo la birika mlikuwa na dirisha. Dirishani pazia la maua. Mbele ya pazia, mtu wa shati la mistari ameinama, kamera imemkaa pale palipotakiwa kuwa uso. Na nyuma yake, kwenye kioo cha mlango, maandishi mekundu yanasomeka bila shida yoyote: PICHA ZA PASIPOTI, MKABALA NA TANGI LA MAJI.

Maandishi yale aliyachora mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita ili yasomwe na wapita njia. Yeye, akiwa ndani, aliyaona kinyumenyume kila siku ya Mungu. Birika lilikuwa limeyageuza tena na kuyanyoosha.

Masikio yalimwaka moto. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kwamba kitu kinachong'aa hupigwa picha ndani ya hema la kitambaa cheupe, la sivyo kinameza kila kilicho mbele yake, akiwemo mpigaji. Lakini siku ile alikuwa na masufuria na mabirika thelathini ya kumaliza kabla ya jua kuhama dirishani, na alijisemea: nani anayetazama tumbo la birika? Watu wanaonunua kwa simu hawatazami kitu. Wanaona bei iliyokatwa kwa mstari mwekundu, kidole kinakimbia chenyewe.

"Macho yako mazuri, mama," alisema. "Sasa unataka nini? Nikusainie?"

Nyuma ya ukuta wa mbao kicheko kikapasuka. Dada yake mpiga picha, msusi, alikuwa na saluni chumba cha pili, na ule ukuta haukuzuia chochote isipokuwa nywele.

Mama hakucheka. Akatoa kitu mfukoni, akakiweka mezani karibu na lile bakuli. Lilikuwa ndilo birika. Mfuniko wake, mpini wake, hata ule mkunjo mdogo kwenye mdomo. Mpiga picha alisimamisha kiganja kando yake: halikumfika hata kifundo cha mkono.

"Linaingia vikombe vitatu," mama akasema. "Nimepima. Vitatu na mate kidogo. Ofisini kwetu tuko watu arobaini na wawili."

Akaeleza. Yeye ndiye mpika chai wa ofisi, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mwaka wa kumi na sita huu. Birika la zamani lilipotoboka, Afisa Utawala alimwambia achague jipya yeye mwenyewe, maana ndiye mtumiaji. Alichagua kwa uangalifu. Alihesabu vikombe kwenye picha: vinane vimelizunguka na birika limevizidi kimo mara tatu. Akapiga hesabu kichwani, akaona linatosha. Lilipofika boksi alidhani ni sampuli. Akaandikia duka. Duka likajibu papo hapo: *Habari mpendwa! Furaha yako ni furaha yetu.* Akaandika tena kwamba birika ni dogo. *Asante kwa kutuchagua!* Aliandika mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili walimwambia bidhaa haiwezi kurudishwa kwa sababu boksi limefunguliwa.

"Ningejuaje ni dogo bila kufungua boksi?" aliuliza, na hilo alilitaka jibu kweli.

"Hiyo ndiyo kazi yao," mpiga picha akasema.

"Sawa. Hilo ningelimeza. Lakini Afisa Utawala ameichapisha picha kwa rangi, ameiweka mezani kwake, anasema picha inaonyesha birika kubwa na mimi nimeleta dogo. Kwa hiyo kubwa nimelipeleka kwangu au nimeliuza, nikaweka hili. Mbele ya watu, baba. Alhamisi saa nne nakaa mbele ya kamati. Barua ikiandikwa 'wizi', hakuna ofisi itakayonipa hata fagio." Akaikaza aproni kwapani. "Miaka kumi na sita nina funguo za stoo ya watu. Hakijapotea kijiko."

"Sasa mimi nafanyaje?"

"Uje. Useme birika ulilopiga picha ni hili. Hakuna lingine. Duka halina mlango nikagonge, halina mtu nikamwamkie. Kwenye habari nzima hii mtu ni mmoja tu, na yumo ndani ya birika."

Mpiga picha alitazama saa. Jua lilikuwa linasogea, na bado alikuwa na mabakuli tisa. Alitaka kitu kimoja tu duniani: yule mama atoke.

"Haya mama, nitakuja."

"Na vile vikombe?"

"Vikombe gani?"

"Kama birika ni hili, vile vikombe vilikuwa na ukubwa gani? Uje navyo wavione."

"Nitakuja navyo."

"Alhamisi, saa nne. Nitakuwekea kiti."

Akalirudisha birika mfukoni, akamwachia namba yake ya simu, akaenda zake. Mpiga picha akapiga magoti tena.

"We Kamera!" dada yake akaita kupitia ukuta, maana ndilo jina alilokuwa nalo mtaani, hata wapwa zake walimwita Mjomba Kamera. "Umemuahidi mtu mzima."

"Nimemtoa nje, dada. Suka nywele."

* * *

Isidhaniwe kwamba Kamera alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na dharau tu, na dharau hiyo aliipata kihalali, kwa kununua.

Mwanzoni kabisa alikuwa mnunuzi kama wengine, tena mnunuzi mwenye imani. Aliagiza lenzi kutoka duka lenye nembo ya tai. Alisubiri wiki tano. Kilichokuja kilifanana na lenzi kila upande, namba zake, pete zake, ila juu kilikuwa na mfuniko, na ndani kilikuwa kikombe cha kahawa. Aliporudi kusoma maelezo kwa utulivu aliona kwamba kweli, chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa chawa, waliandika *umbo la lenzi*. Akawalalamikia. Wakamtumia kadi ya kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa.

Duka la pili lilimletea miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Ilimfika gotini. Ingefaa kama angepata wateja paka.

Kwenye la tatu aliagiza kitambaa cheusi cha kuweka nyuma ya watu wa pasipoti. Kikaja cha waridi, na karatasi yenye tabasamu: *Rangi inaweza kutofautiana kidogo kutokana na skrini yako.* Kidogo! Alikichukua dada yake akakifanya pazia la saluni, na hakuwa na haki ya kumcheka mtu, kwa sababu yeye naye aliwahi kuagiza nywele za mawimbi zikaja nywele ambazo hata brashi ya choo ingeona zimezidi ugumu.

Ila kilichomkata maini kabisa hakikuwa maduka. Kilikuwa wanunuzi. Usiku akisoma maoni yao alitamani kuitupa simu. *Bado sijafungua boksi ila linaonekana zuri. Nyota tano.* *Imevunjika lakini mletaji alikuwa mpole. Nyota tano.* *Sijui ni ya nini. Nyota nne.* Watu hawa, alijisemea, hawadanganywi. Wanajipanga mstari na kupokea. Basi Wakala wa duka la kikapu cha njano alipopita mtaani akitafuta mtu wa kupiga picha bidhaa, Kamera hakujiuliza mara mbili. Ikiwa lazima kuwe na mwenye kupiga watu changa la macho, bora awe mtu anayejua kazi.

Na kazi aliijua. Alitengeneza sanduku. Lilikuwa la mbao, la mafundi saa, lenye vijumba vingi ndani, na kila kijumba kilikuwa na kitu kidogo alichokitengeneza kwa mikono yake: vikombe alivyovikata kutoka vifuniko vya dawa ya meno na kuvipaka rangi hadi vikaiga udongo, vijiko vya waya uliopondwa, limao la nta lisilozidi punje ya hindi, gazeti la kukunjwa la ukubwa wa stempu, lenye vichwa vya habari. Hakuna mwingine mjini aliyekuwa na sanduku kama lile. Akiweka kitu chochote kati ya vitu vyake, kitu kilikua. Sahani ikawa sinia, kimeza kikawa meza. Alilifunga kwa kufuli na funguo aliivaa shingoni.

* * *

Jumanne mchana Wakala alikuja mwenyewe badala ya kupiga simu. Alikuwa kijana mwenye viatu vyeupe ambavyo alivitazama kila baada ya hatua tatu.

"Kaka mkubwa! Kaa chini kwanza, usije ukaanguka."

"Nimekaa."

"Wanataka vyombo vya jikoni vyote. Vyote! Mwaka mzima, mkataba, karatasi ya kusaini. Utasahau habari za pasipoti. Utapanga studio yenye kiyoyozi, dada yako atabaki na mbao zake."

"Nakusikia!" msusi akapaza sauti.

"Shikamoo dada!"

"Marahaba, endelea kusema uongo wako, usinijali."

Wakala akainama, akashusha sauti, kana kwamba ukuta ungemsaidia. "Mkurugenzi wa masoko anapita mjini. Alhamisi saa nne kamili tunakuwa naye hotelini. Nimemwambia habari za sanduku. Anataka kuliona kwa macho yake. Bila sanduku usije, kaka, sanduku ndilo wanalolitaka."

"Alhamisi." Kamera aliigusa funguo kifuani. "Haiwezekani saa nane?"

"Saa nane yuko mawinguni. Kwani una nini, harusi?"

"Kuna birika. Mtu mmoja amelalamika."

Wakala alimkazia macho, kisha akacheka mpaka akasahau kuviangalia viatu. "Mmoja? Katika yote tuliyouza, mmoja? Kaka, basi hilo ni birika zuri!" Akajifuta macho. "Mteja akikasirika anaandika kwa herufi kubwa, anakunywa maji, analala. Mwezi ujao anaagiza pasi. Usiwaonee huruma, wenyewe hawajionei." Alipofika mlangoni akaongeza, polepole: "Na yule jamaa wa mtaa wa stendi anaomba hii kazi kila siku. Yeye anatumia kompyuta tu, hana haja hata ya vikombe."

Akatoka akiruka dimbwi.

Upande wa pili wa ukuta kichana kikasimama. Hiyo haikuwa kawaida yake.

"Mdogo wangu," dada akasema mwishowe, "sanduku si moja?"

"Moja."

"Na saa nne si moja?"

"Dada, naomba uniache."

"Nimekuacha. Nauliza saa tu."

Jioni ile alimwandikia mpika chai ujumbe. Aliuandika mara tatu. Mama, Alhamisi nimepata dharura. Nitakuandikia barua yenye mhuri wa studio, nieleze kila kitu. Akaona umekaa vizuri, wa kiungwana. Jibu lilichukua muda, kama mtu aliyekuwa akitafuta miwani.

*Sawa baba. Mhuri watasema nimechonga. Lakini sawa. Kiti nilishaomba, nitakiacha hapo hapo.*

Angepiga kelele ingekuwa rahisi. Angemtukana, angemwita tapeli, Kamera angemweka kwenye lile kundi la herufi kubwa na kulala vizuri. "Sawa baba" ile hakuwa na kundi la kuiweka.

Akaandika barua. Ilisema kwamba birika la kwenye picha na birika lililoletwa ni moja. Alipoisoma akaona inasema tu kwamba mtu mwenye mhuri anasema. Afisa Utawala angeuliza: na vikombe hivi je? Vikombe vya ofisini kwao, vitatu tu vingelimaliza birika lenyewe. Bila sanduku, barua ilikuwa karatasi.

Jumatano, saa sita za mchana, akiwa na mkate mkononi, alifungua simu akaingia kwenye ukurasa wa duka. Alijiambia anataka tu kuona kama ile picha imeondolewa. Haikuondolewa. *Leo Tu!* ilikuwa bado inawaka. Akashuka kwenye maoni. *Halijafika ila naamini ni zuri, nyota tano. Zawadi kwa mama mkwe, nyota tano.* Halafu moja lenye nyota moja, la siku ile ile mama alipotoka studio, limeandikwa taratibu na mtu asiyezoea kuandika kwa simu:

*Birika hili ni la vikombe vitatu. Wenye ofisi msinunue, mtapata matatizo kama yangu. Aliyelipiga picha nimempata. Ni mtu mzima, muungwana, ameahidi kuja kunisemea. Kwa hiyo msimlaumu yeye.*

Chini yake duka lilikuwa limejibu: *Asante mpendwa! Tumefurahi kwamba umeridhika.*

Kamera aliweka mkate chini. Akasoma tena. Miaka yote alikuwa akiwacheka watu wanaotoa nyota kwa kitu wasichokifungua. Na sasa mtu alikuwa amempa yeye neno "muungwana" mbele ya dunia nzima, kwa ahadi tu, kabla hajaona kilichomo ndani ya boksi.

"Dada!" aliita.

"Nipo."

"Ile ofisi ya mpika chai ni jengo gani?"

Kichana kiligonga meza upande wa pili. "La benki ya zamani. Ghorofa ya pili. Nilishamuuliza siku ile ile, nilijua wewe hutauliza."

* * *

Alhamisi asubuhi alivaa lile lile shati la mistari. Simu ilianza kuita saa tatu na nusu. *Kaka tuko hotelini.* Kisha: *Kaka mkurugenzi kashashuka, anakunywa juisi.* Kamera alipanda ngazi za benki ya zamani, sanduku kwapani, simu ikitetemeka pajani kama kitu kilichonaswa.

Chumba cha mkutano kilinuka dawa ya kung'arisha sakafu. Mezani walikaa watatu: Afisa Utawala mwenye tai iliyofungwa kwa hasira, Mhasibu, mwanamke mwenye miwani iliyopanda juu ya paji la uso, na Katibu Muhtasi, vidole vyake tayari juu ya kompyuta. Katikati ya meza walikuwa wameliweka birika, na kando yake ile picha iliyochapishwa kwa rangi, kubwa, imelala kama hukumu. Mpika chai alikuwa amesimama karibu na mlango. Viti viwili vilikuwa nyuma yake. Hakukaa kwenye chochote. Kwenye kimoja alikuwa ametandika leso, mtu asikikalie.

Alipomwona Kamera aliokota leso, akaikunja.

"Huyu nani?" Afisa Utawala akauliza.

"Ndiye yule niliyewaambia, mzee. Mtu wa ndani ya birika."

Mhasibu akashusha miwani kutoka kwenye paji, akaikamata picha, akasogeza pua hadi kwenye karatasi. "Ee jamani," akasema. "Ni yeye kweli. Shati lile lile."

"Shati halithibitishi ujazo," Afisa Utawala akasema. "Bwana, sisi macho tunayo. Vikombe vinane hivi hapa, hesabu. Birika limevizidi mara tatu. Hili hapa linazidi nini? Picha haidanganyi."

Kamera alikuwa amejiandaa kusema mengi. Njiani alipanga hata utangulizi. Kumbe hakuna kilichohitajika. Alitoa funguo shingoni, akafungua kufuli.

Akavitoa kimoja kimoja. Kikombe cha kwanza alikiweka kwenye kiganja cha Mhasibu, naye akakipokea kama mtu aliyepewa kidonge. Cha pili akakiweka mbele ya Katibu Muhtasi, juu ya herufi moja ya kompyuta, kikaienea. Kisha akasogeza birika karibu na dirisha, akalipanga kwenye kipande chake cha ubao, akalizungushia vikombe, akaweka limao na lile gazeti. Akainama na simu yake ile ile iliyokuwa ikitetemeka, akapiga, akaipeleka mezani.

Kwenye kioo lilisimama birika kubwa la familia na ofisi.

Afisa Utawala alitazama simu. Akatazama dirishani. Akatazama simu tena, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kisha Mhasibu akaanza kutikisika mabega.

"Zulia langu," alisema. "Mungu wangu. Zulia langu la sebuleni."

"Zulia gani?" Katibu Muhtasi akauliza.

"Niliwaambia nimelirudisha dukani. Uongo. Nalikanyaga nikitoka kuoga, mguu mmoja mmoja." Akacheka mpaka machozi. "Kwenye picha lilikuwa na kochi juu yake! Sasa najua kochi lilikuwa la nani!"

Kamera alifungua kijumba cha pembeni, akaweka kochi mezani. Lilikuwa na mito miwili.

Katibu Muhtasi alilia kwa kicheko. Hata mpika chai alifunika mdomo kwa leso. Afisa Utawala peke yake hakucheka. Alikuwa akirekebisha tai, na akaonekana ghafla kama mtu anayekumbuka kitu alichonunua na asichotaka kiulizwe.

"Kwa hiyo," alisema, akimgeukia Kamera kwa sababu mtu wa kugeukiwa alihitajika, "mwongo ni wewe."

Simu ilianza tena. Ilijizungusha juu ya meza ikijisukuma kuelekea ukingoni, na jina la Wakala likiwaka juu ya ile picha ya birika. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na robo. Kamera alijua sasa hivi hotelini kiti chake kinaangaliwa, na juisi imekwisha, na mtu wa mtaa wa stendi huenda amekwisha kupigiwa. Alijua pia kwamba maneno yatakayotoka hapa yatafika mbali. Mhasibu tayari alikuwa akilipiga picha lile kochi.

"Ndiyo, mzee," alisema. "Ni mimi. Huyu mama hajabadilisha kitu. Birika ni hili na halijawahi kuwa lingine."

Vidole vya Katibu Muhtasi vilisimama juu ya kompyuta. "Niandike hivyo hivyo? Na jina lako?"

"Andika. Na namba ya studio, wakitaka kuuliza."

Akaandika. Sauti ya herufi zikigongwa ilijaa chumba. Afisa Utawala akaikunja ile karatasi ya rangi mara mbili, akaitia mfukoni badala ya kwenye faili, na kwa mpika chai akasema, bila kumtazama vizuri, kwamba funguo za stoo abaki nazo.

Mama alikivuta kile kiti, akakipangusa kwa leso japokuwa kilikuwa safi, akakisogeza mezani.

"Simu yako inaita, baba," alisema.

"Naisikia," Kamera akasema, na akakaa.